Kichwa cha Mbwa wa Fanueli

Mzoga ulikuwa palepale ulipoachwa jana yake, juu ya meza ya mbao katika stoo ya mifugo, umefunikwa gunia. Koplo Edmund alilivuta gunia. Akaona miguu, akaona mbavu, akaona shingo. Baada ya shingo hapakuwa na kitu.

"Kichwa kiko wapi?"

"Ndicho nilichokuitia, Bwana Koplo," alisema Timotheo, msaidizi wa bwana mifugo. Alikuwa amesimama mlangoni, mkono mmoja mfukoni mwa koti, kwa maana asubuhi za Mbeya mwezi wa Juni hazina huruma. "Nimefika saa moja kufungua. Nikakuta mlango wazi, komeo limeng'olewa, na huo mtaimbo umelala kizingitini. Nikaingia, nikakuta hivyo unavyoona."

Edmund aliinama akatazama chini ya meza. Alihisi damu ikimpanda kichwani. Watu walikuwa wakiiba kuku, wakiiba mbao, wakiiba hata kengele ya shule. Lakini kichwa cha mbwa? Na kichwa hiki, kati ya vichwa vyote?

Ulikuwa mwaka 1955, na kichaa cha mbwa kilikuwa kimeingia wilayani. Amri ya serikali ilibandikwa kwenye kila baraza: kila mbwa afungwe kamba, usiku na mchana; kila mbwa aletwe achomwe sindano na kuvishwa kibati shingoni; asiye na kibati apigwe risasi; mbwa asitolewe nje ya wilaya; na mbwa aliyeuma mtu, kichwa chake kikatwe na kupelekwa maabara, maana ugonjwa huo hukaa kwenye ubongo.

Huyu aliyelala mezani alikuwa mbwa wa Fanueli, mkulima wa mahindi wa kule mlimani. Jumamosi alasiri mbwa huyo alikata kamba, akamkuta Damari, binti wa Saulo, akitoka kuchota maji, akamng'ata mguuni. Saulo alimwua mbwa kwa jembe, akambeba mwanawe hospitali, kisha akauleta mzoga hapa. Na hospitali daktari Mzungu alimwambia maneno ambayo Saulo alikuja kuyarudia mbele ya Edmund: mbwa ana kibati, basi amechomwa sindano, basi hana kichaa. Sindano za watu ni chache mno. Tungoje jibu la maabara.

Sasa kichwa hakipo, jibu litatoka wapi?

Edmund alikuwa mtu wa Idodi, kwa Wahehe, na alikua katikati ya mbwa wa kuwinda. Alikuwa pia amemwona mjomba wake akifa kwa ugonjwa huu, mtu mzima mwenye nguvu akilia kwa kuogopa kikombe cha maji. Ukishaamka mwilini hauna dawa. Dawa ni kuuwahi ungali umelala.

Akaanza kazi. Aliinama juu ya ile shingo. Haikukatwakatwa. Kisu kilitafuta kiungo kile kilicho nyuma ya fuvu, kikapita hapo kama mtu anayefungua mlango wa nyumba yake. Ukanda wa ngozi wenye kibati ulikuwa umeanguka sakafuni, fundo lake halijafunguliwa. Kisha akaenda mlangoni. Komeo lilikuwa limepinda vibaya, na misumari yake ilining'inia. Lakini chokaa ya fremu, mahali ambapo mtaimbo ungepaswa kuegemea ili kung'oa, ilikuwa nyeupe na laini, haina hata mkwaruzo.

"Mtaimbo huu wa nani?" aliuliza.

"Mimi sipendi kumtaja mtu siku ya Jumapili," alisema Timotheo. "Lakini una alama ya F kwenye shina. Na mwenye mbwa ndiye mwenye kesi. Mbwa wake alikuwa nje bila kamba. Mzoga ukikosa kichwa, kesi inakosa miguu."

Edmund alimtazama. Timotheo alipendwa na watu. Alikuwa Mwafrika wa kwanza wilayani kupewa kazi ya kuchoma mbwa sindano peke yake, na siku ile ya sindano watu walishuka milimani na mbwa wao kama wanakwenda arusini, kwa sababu ni yeye aliyewaita.

"Funga hapa," alisema Edmund. "Mtu asiguse kitu."

*

Alinanuswe, mke wa Fanueli, alikuwa akipepeta ulezi uani. Alipoona kofia ya polisi aliacha kupepeta.

"Mumeo yuko wapi, mama?"

"Ametoka."

"Na nini?"

Alitazama ungo. "Na gunia."

"Ndani ya gunia kuna nini?"

"Sikulifunga mimi."

Edmund aliipanda baiskeli yake akashuka mlima bila kukanyaga breki. Kwenye kituo cha magari mjini palikuwa na lori la mbao lililokuwa likirudi Sao Hill, huko Mufindi, tupu, injini inanguruma, na Fanueli alikuwa ameshatia mguu mmoja juu. Gunia lilikuwa begani.

"Shuka, Fanueli."

"Nina safari, afande. Kaka yangu Mufindi mgonjwa."

"Na gunia ni dawa yake?"

Watu waliokuwa kituoni walisogea. Edmund alilishika gunia. Lilikuwa zito, na upande mmoja lilikuwa limelowa. Akasema moyoni: nimekipata. Akakata kamba kwa kisu.

Kikatoka kichwa kweli. Kichwa cha mbwa jike, mzima, macho yanapepesa, kimefuatiwa na mwili wote uliobaki. Mbwa alijikung'uta, akamlamba Edmund mkononi, akakojoa tena kwenye gurudumu la baiskeli ya serikali.

Kituo kizima kilicheka. Mzee mmoja alisema, "Koplo amekamata mwizi, mwizi amemtia alama."

"Huyu nani?" Edmund aliuliza, meno yameumana.

"Anaitwa Wamechoka," alisema Fanueli. "Ndugu yake ni Watasema, yule aliyekufa. Afande, nisikilize. Leo wamemkuta Watasema na kosa, kesho watakuja na bunduki kwa huyu. Nina shamba la mahindi mlimani. Ngiri wakishuka, nitawafukuza kwa kibati? Nilitaka nimfiche Mufindi mpaka amri ipite."

"Hujui kwamba ni kosa kumtoa mbwa wilayani?"

"Najua. Ndiyo maana nikamtia kwenye gunia."

"Na mtaimbo wako?"

"Uko kwenu huko kwa bwana mifugo tangu mwezi uliopita. Si tuliamriwa kila mtu alete chombo, tuchimbe shimo la mbwa waliopigwa risasi? Tukachimba. Vyombo vyetu vikabaki vimeegemea ukuta wa stoo. Uliza yeyote."

Aliuliza, na ilikuwa kweli. Lakini Inspekta, Mzungu mwenye masharubu mekundu, hakutaka kusikia habari za chokaa wala za kiungo cha shingo.

"Wewe ipo mtaimbo, ipo mbwa, ipo mtu nakimbia na gunia," alisema. "Nini tena nataka, Koplo? Fungia yeye."

"Bwana, mtu aliyeng'oa komeo lile aliling'oa mlango ukiwa wazi. Alikuwa na ufunguo."

"Fungia yeye."

Fanueli akafungwa. Alipoingia lokapu aligeuka. "Ninyi Wahehe mnasifiwa kwa kuwinda," alisema kwa upole uliochoma kuliko tusi. "Mnyama amepita kule, wewe umemkamata mwenye shamba."

*

Jioni ile Edmund alipanda hadi kwa Saulo. Damari alikuwa amekaa karibu na moto, mguu umefungwa bandeji, anachoma kiazi. Alikuwa msichana wa darasa la pili, mwenye maneno mengi.

"Umekipata?" alimwuliza kabla hajaketi.

"Bado."

"Mwizi anataka kukila?"

"Damari," baba yake alimkemea.

Saulo alikuwa na sura ya mtu asiyelala. "Nimerudi tena hospitali leo," alisema. "Nimeambiwa kibati, kibati. Bwana Koplo, mimi nilimwona yule mbwa. Udenda mpaka kifuani. Alimng'ata mtoto, akang'ata jembe, akang'ata na jiwe. Mbwa mzima anang'ata jiwe?"

Bibi Tupokigwe, mama yake Saulo, alikuwa kwenye kigoda, anatoa ugoro kwenye kichupa kidogo cha kioo. Alimkaribisha Edmund kwa kumnyooshea kichupa. Edmund hakuwa mvutaji, lakini huwezi kukataa mkono wa mwenye nyumba. Akakipokea kichupa. Kilikuwa chupa ya dawa yenye kizibo cha mpira, na karatasi iliyobandikwa juu yake ilikuwa ya rangi ya hudhurungi, imejikunja pembeni. Upande mmoja wa kioo ulikuwa na masizi.

"Bibi, umekiweka motoni kichupa chako?"

"Mimi? Nimekipata hivyo hivyo. Siku ya sindano za mbwa Timotheo alitugawia vichupa, dawa ikishakwisha. Nilikisugua kwa majivu, masizi hayatoki. Siku za kwanza hata ugoro ulinuka moshi." Alicheka. "Ndaga, ahsante, nikasema, serikali siku hizi inapikia dawa kwa kuni."

Edmund alicheka naye kidogo. Akapiga chafya, akarudisha kichupa, akaaga. Alikuwa njiani tayari, baridi inamkata masikio, alipoacha kucheka.

*

Jumatatu, saa mbili asubuhi, alikuwa hospitali mbele ya Filemoni, dresa, msaidizi wa daktari. Hakuja kuuliza, alikuja kuomba.

"Mpe mtoto zile sindano, kaka. Mimi nitabeba lawama."

"Lawama ungebeba, sindano utazitoa wapi?" Filemoni alifungua kabati. "Tulikuwa na kasha moja, la kumtosha mtu mmoja. Lingine limeagizwa Iringa, sijui litafika lini. Na hilo moja limeshaanza kutumika."

"Kwa nani?"

"Timotheo wa mifugo. Jana asubuhi alikuja hapa, mkono wa kushoto umechanika. Anasema Jumamosi jioni mbweha alimrukia njia ya Chunya. Mbweha hana kibati, kwa hiyo daktari hakusita. Maskini, sindano ya tumboni si mchezo. Ametoka hapa amejikunja kama mkungu wa ndizi. Saa nne anakuja kwa ya leo."

Edmund alivaa kofia yake. Alikumbuka mkono ule uliokaa mfukoni mwa koti, nao hakuuona ukitoka hata mara moja.

"Akija, mwambie daktari awepo," alisema. "Na mtu amwite Saulo aje na mtoto. Mimi narudi."

Nyumba ya Timotheo haikuwa mbali. Mkewe, Severina, alikuwa Mbena wa upande wa Iringa, na alifurahi kusikia mtu akimsalimu kwa lugha ya kwao, "kamwene". Alimkalisha Edmund jikoni, akamletea uji.

"Shemeji mgonjwa, nasikia. Mbweha."

"Mbweha gani tena?" Severina alishangaa. "Amejikata na kisu kazini, usiku ule wa Jumamosi. Wanaume bwana. Nyumbani kisu, kwa marafiki mbweha."

Edmund alikunywa uji. Aliinua macho. Juu ya moto palikuwa na dari ya fito, nyeusi kwa moshi wa miaka, na juu yake mahindi ya mbegu, maharage ndani ya kibuyu, na Biblia iliyofungwa kitambaa.

"Mnatunza vizuri," alisema.

"Kila kitu cha thamani kinakaa pale. Panya hafiki, mdudu hafiki, mwizi haoni. Mama yangu alitunza hivyo, na mama yake. Hata dawa za serikali zilikaa pale." Alisema kwa fahari. "Zilipoletwa kwa ndege, mvua ilikuwa kubwa, Timotheo akaitwa safari ghafla kwenda Rungwe na bwana mifugo. Akaniachia kasha, akasema lina thamani kuliko nyumba hii. Nikalitoa kwenye yale mabonge ya barafu, maana yalikuwa yanachuruzika maji, nikavipanga vichupa vyote pale juu, vikavu. Aliporudi baada ya wiki hakikukosekana hata kimoja."

"Alikushukuru?"

Severina alisukuma kuni motoni. "Alikaa hapo ulipokaa. Hakula siku ile."

*

Saa nne Timotheo aliingia chumba cha sindano, akamkuta daktari, Filemoni, Saulo na mwanawe, na Edmund amesimama dirishani. Alisita, kisha akavua kofia.

"Naona leo kuna mkutano."

"Maswali machache tu," alisema Edmund. "Mbwa wa Fanueli ulimchoma wewe?"

"Ni mimi. Kibati chake si mmekiona."

"Dawa ilikuwa nzima?"

"Nzima."

"Basi huyu mtoto hana cha kuogopa."

Timotheo alimtazama Damari. Damari alikuwa amekaa kwenye benchi, miguu haifiki chini, anaibembeza. "Hana," alisema, na sauti yake ilikuwa kavu.

"Mbweha alikuuma saa ngapi Jumamosi?"

"Jioni. Kabla ya jua kuzama."

"Saulo, uliupeleka mzoga stoo saa ngapi?"

"Jua lilikuwa linazama," alisema Saulo. "Ni yeye aliyenipokea. Tulishika wote, yeye kichwani mimi miguuni."

"Mikono yake ilikuwaje?"

Saulo aligeuka taratibu kumtazama Timotheo. "Mizima. Yote miwili."

"Mbweha wa giza, basi," Timotheo alisema haraka. "Sikutazama saa."

"Mkeo anasema ni kisu."

Edmund alitoa mfukoni kichupa cha ugoro, alichokipitia kwa Bibi Tupokigwe, akakiweka juu ya meza ya daktari, upande wa masizi juu.

"Bwana Daktari, dawa hii ya mbwa inataka kukaa wapi?"

"Kwa barafu," alisema daktari. Alikiinua kichupa, akaigusa ile karatasi iliyoungua. Uso wake ulibadilika.

"Ilikaa wiki nzima juu ya moto wa jikoni, pamoja na mbegu za mahindi. Mkewe hakukosa, aliiweka mahali panapowekwa kitu cha thamani, na hakuna aliyemwambia vingine. Lakini Timotheo aliporudi alijua. Dawa imekufa, na siku ya sindano imeshatangazwa milima yote. Akawachoma mbwa hiyo hiyo, sawa na maji. Kila kibati kile kule juu ni bati tupu." Edmund alianza kusikia sauti yake mwenyewe ikipanda, akaishusha kwa nguvu. "Jumamosi akaletewa mbwa mwenye kibati na udenda kifuani. Kichwa kikifika maabara, siri imefika. Alikuwa na ufunguo. Alifungua, akakikata kiungoni kama alivyofundishwa kukata vichwa vya maabara, kisha akalipinda komeo mlango ukiwa wazi, akaulaza mtaimbo wa Fanueli kizingitini. Kisu kikateleza kikamkata, na mate ya mbwa yule yalikuwa juu ya kisu. Hapo ndipo alipojihukumu mwenyewe. Mtu anayeiamini dawa yake, Timotheo, hachomwi sindano ya tumbo kwa mbwa mwenye kibati."

"Ni mbweha," Timotheo alinong'ona.

"Mtazame huyu mtoto useme mbweha."

Damari aliacha kubembeza miguu. "Mimi nitakufa?" aliuliza, si kwa hofu, kama anayeuliza njia.

Timotheo aliketi sakafuni. Aliketi tu, kama mtu aliyekatwa kamba.

"Amri ilisema asiye na kibati apigwe risasi," alisema. "Ningesema dawa imeharibika, bwana mifugo angesubiri? Wangewaua wote. Watu waliniletea mbwa wao kwa mikono yao, Edmund, kwa sababu nilisema mimi. Nikawaza, nitawavisha vibati, dawa nyingine itakuja, nitawachoma tena polepole, nani atajua. Na wangesema, mnaona, kazi hii si ya Mwafrika. Ningerudije mlimani?"

"Uliwaokoa mbwa ukamtoa mtoto kafara. Sindano zenyewe zilikuwa za mtu mmoja."

"Sikujua kwamba ni kasha moja. Naapa. Nilijua jana, nilipokuwa nimeshachomwa."

"Na leo umekuja kwa ya pili."

Timotheo aliiweka kofia yake sakafuni. Baadaye, pasipo kuulizwa, alisema kichwa kiko kwenye shimo la mbwa, chini ya chokaa.

Daktari alikuwa ameshafungua kabati mwenyewe. "Toto hii kwanza," alimwambia Filemoni, na hakumtazama mtu usoni. "Mimi napiga simu Iringa. Ile mtu nangoja kasha ya Iringa."

Timotheo aliinua macho kutoka sakafuni. Kwa kitambo alionekana kama anayetaka kubisha. Kisha akaushusha uso.

*

Kasha la Iringa lilifika Alhamisi kwa basi, na Timotheo alichomwa sindano zake akiwa chini ya ulinzi. Alipona, akafungwa. Fanueli alitolewa lokapu siku ile ile ya Jumatatu. Inspekta hakusema amekosea; alisema Koplo angepaswa kueleza vizuri zaidi.

Dawa mpya ya mbwa ilikuja, na watu wakaitwa upya. Fanueli aliteremka na Wamechoka, akamshika mwenyewe sindano ikiingia. Lakini wengi hawakushuka. Walisema wameshadanganywa mara moja, na bati wanalo tayari. Edmund alipanda kuwasihi nyumba kwa nyumba, akieleza mpaka koo likakauka. Wakamsikiliza kwa heshima, wakaficha mbwa. Mwisho zikaja bunduki. Wiki nzima milima ilisikika milio, na wanawake wakaacha kumwitikia salamu. Yeye ndiye aliyeifukua habari, kwa hiyo yeye ndiye aliyeua mbwa. Hilo lilimkera kuliko yote, kwa kuwa halikuwa na pa kulijibia.

Bibi Tupokigwe alimfuata mara mbili kituo cha polisi kuuliza kichupa chake kitatoka mahakamani lini.

Mwezi wa Oktoba alikuwa akipita kwa baiskeli chini ya shamba la Saulo. Damari alikuwa njiani na ndoo yake. Alipotambua kofia ile, kofia ya mtu aliyempeleka hospitali kila asubuhi mpaka sindano zikaisha, alitupa ndoo, akalishika tumbo kwa mikono miwili, akapanda mlima mbio huku anapiga kelele kumwita bibi yake.

Edmund alisimamisha baiskeli. Akamtazama akikimbia, miguu yote miwili ikifanya kazi vizuri kabisa, mpaka akapotea kwenye mabua makavu ya mahindi. Kisha akashuka, akaiokota ile ndoo, akaiweka wima kando ya njia, akaenda zake.